Kupona Kunafundishika: Mwongozo kwa Anayetoka Kwenye Ugonjwa wa Akili na Familia Yake, Nyanda za Juu Kusini

Mtu anaporuhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili, mara nyingi hukabidhiwa vitu viwili: dawa za mwezi mmoja na kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Vyote viwili ni vya lazima, na hakuna sentensi katika mwongozo huu inayokusudia kuvipunguzia uzito. Hata hivyo, siku zote zilizo kati ya kliniki moja na inayofuata atazipitisha nyumbani, shambani, sokoni, kanisani au msikitini, mahali ambapo ndugu wanampenda lakini hawajui wamsemeshe vipi, majirani wanamchungulia, na yeye mwenyewe anaogopa kila usiku anaokosa usingizi. Mambo haya yanafundishika. Mtu anaweza kuujua ugonjwa wake ulivyo, akazijua dalili zake za mwanzo, akajifunza kupanga siku, kuzungumza na ndugu, kurudi kazini na hata kurudi shule. Na kwa ninavyoamini, ujuzi huo ndio sehemu ya matibabu inayosahaulika kuliko zote katika mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa.

Kupona kunakozungumziwa hapa si lazima kuwe kuisha kwa kila dalili. Wapo watu ambao bado husikia sauti mara moja moja, na papo hapo wanalima, wanalea watoto na wanaimba kwaya. Wapo wanaokunywa dawa kwa miaka mingi bila kuacha, na maisha yao yana kazi, urafiki na heshima. Mwongozo umeandikwa kwa ajili yao, kwa ajili ya wale walioanza juzi, na kwa ajili ya mama, kaka, mume au binti anayewahudumia.

Kwanza, kama hali ni mbaya leo

Ikiwa mgonjwa anasema anataka kufa, amekaa siku kadhaa bila kulala huku akizungumza mfululizo, amekataa kula na kunywa, au anaweza kujidhuru au kumdhuru mwingine, leo si siku ya kusoma mwongozo. Apelekwe kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, na asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchota maji. Katika nyumba za wakulima wa viazi, nyanya, pareto na parachichi huwa kuna sumu za kuulia wadudu na magugu chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Ziondoeni nyumbani, mkazihifadhi kwa jirani mnayemwamini au katika ghala lenye kufuli. Dawa za mgonjwa nazo zitunzwe na mtu mwingine hadi hali itulie, kwa sababu baadhi yake, amitriptyline ikiwa mojawapo, ni hatari sana zikinywewa nyingi kwa mara moja. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa ushauri wa kiafya, na namba 116 ni ya msaada kwa watoto.

Hatua ya kwanza: Ujue ugonjwa kwa jina na dawa kwa kazi yake

Nunua daftari moja gumu, lisilochanika kirahisi, uliweke pamoja na kadi ya kliniki. Ukurasa wa kwanza uandike maswali utakayomuuliza daktari au muuguzi, kwa sababu foleni ya kliniki ni ndefu, muda wa kuonana ni mfupi, na mtu akishaketi kwenye kiti kile husahau yote aliyoyapanga njiani. Maswali ya msingi ni haya: Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hii inatibu dalili ipi, na itachukua muda gani kabla sijaona mabadiliko? Nikisahau kidonge nifanye nini? Maudhi gani ya dawa (madhara yake ya pembeni) yanatarajiwa, na lipi kati yake linanilazimu nirudi kabla ya tarehe? Nitaendelea kunywa hadi lini?

Majibu yake yanaokoa watu. Dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), kwa mfano, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, ilhali usingizi mzito na ukavu wa mdomo huja siku za kwanza kabisa. Asiyeambiwa hilo huitupa dawa wiki ya pili akiamini kwamba inamwongezea ugonjwa. Na nafuu ikishafika, maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kuendelea na dawa ya sonona kwa miezi 9 hadi 12 kabla ya kuanza kuipunguza, tena chini ya uangalizi wa mtaalamu. Anayetumia haloperidol au sindano ya fluphenazine, dawa za kutuliza sauti na shuku, anaweza kukakamaa misuli, kutetemeka au kushindwa kutulia mahali pamoja. Hali hiyo ina dawa yake, na mara nyingi huwa benzhexol, hivyo mgonjwa aiseme kliniki badala ya kuacha matibabu kimyakimya. Anayetumia chlorpromazine ngozi yake huungua na jua upesi, jambo zito kwa mtu anayeshinda shambani, kwa hiyo avae kofia pana na mikono mirefu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulize swali la ziada, kwa kuwa sodium valproate, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na carbamazepine, nayo ya kazi hiyo hiyo, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Uliza pia kuhusu pombe, na ujibu kwa ukweli unapoulizwa. Huku kwetu ulanzi wakati wa mvua hunywewa kama maji, komoni haikosekani kwenye vilabu, na kumkatalia mwenyeji kikombe huonekana dharau. Pombe huongeza usingizi wa dawa, huvuruga usingizi wa kawaida na hurudisha sonona. Bangi nayo huweza kuamsha tena sauti na shuku kwa mtu aliyewahi kuugua. Inafaa mtu ajifunze mapema sentensi moja ya kukataa kwa adabu, mathalani: «Nashukuru sana, mzee wangu, ila niko kwenye dozi.» Watu wengi huheshimu neno hilo.

Nieleze jambo moja kuhusu kifafa, maana katika kliniki zetu za afya ya akili wagonjwa wa kifafa ni wengi. Sehemu ya kifafa cha Nyanda za Juu Kusini hutokana na minyoo ya tegu ya nguruwe, ambayo mayai yake yakimezwa na binadamu kupitia uchafu wa kinyesi huweza kupeleka viluwiluwi hadi kwenye ubongo. Choo kinachotumiwa na watu wote wa nyumba, nguruwe waliofungiwa bandani na nyama iliyoiva vizuri ni kinga halisi, na familia yenye mgonjwa wa kifafa ina haki ya kuelezwa hayo.

Si lazima elimu hii uifuate mbali. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Makete au Mafinga alipandishwa basi hadi Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa ya magonjwa haya. Leo anza kuuliza katika hospitali ya wilaya au ya mkoa wako, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya pale inapobidi. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza, kupitia mpango wake wa mhGAP, kwamba matabibu na wauguzi wa kawaida wafundishwe kutibu magonjwa ya akili yanayoonekana mara nyingi; kwa hiyo mwulize mganga mfawidhi wa kituo chako kama yupo mtumishi aliyepata mafunzo hayo. Gharama zikikushinda, onana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha kabla hujakatiza dawa.

Hatua ya pili: Andika mpango wako wa kujitunza

Mwaka 1997, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kikundi cha watu waliokuwa wakiishi na magonjwa ya akili, wakiwa pamoja na Mary Ellen Copeland ambaye naye alikuwa amepitia ugonjwa wa hisia, kilipanga namna ya mtu kujiandikia mpango wake mwenyewe wa kubaki na afya. Mpango huo sasa unatumika katika nchi nyingi, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kitu kingine zaidi ya daftari na ukweli. Tenga kurasa sita, kila ukurasa na kichwa chake.

Ukurasa wa kwanza unaeleza wewe ukiwa mzima unakuwaje, na unahitaji nini kila siku ili ubaki hivyo. Andika kwa undani. «Nikiwa mzima ninaamka saa kumi na mbili, naoga, napenda kuzungumza na mama jikoni, nasikiliza taarifa ya habari.» Chini yake orodhesha mambo ya kila siku: kunywa dawa baada ya chakula cha jioni, kula milo mitatu, kutembea au kufanya kazi ya mikono, kuzungumza na angalau mtu mmoja, kulala saa nne. Ukurasa huu huonekana wa kitoto, na wengi huuruka. Usiuruke, kwa sababu ndugu ambaye hajawahi kuambiwa uzima wako unafananaje hudhani kila ukimya ni ugonjwa, na kila furaha ni dalili ya kuanza upya.

Ukurasa wa pili ni wa mambo yanayokutikisa: deni la pembejeo, ugomvi wa mashamba, msiba, kuitwa kichaa mtaani, kazi ya usiku, kusafiri safari ndefu bila kulala. Mbele ya kila jambo andika utakachofanya likitokea. Kwa msiba, ambao kwetu una mikesha, unaweza kuandika kwamba utahudhuria mchana, utatoa rambirambi na kushiriki kazi, lakini usiku utalala kwako, na dada yako ndiye atakayewaeleza wafiwa.

Ukurasa wa tatu ndio roho ya mpango wote, nao ni wa dalili za mwanzo. Ugonjwa wa akili mara chache huja bila kubisha hodi. Kaa na mtu aliyekuona ulipougua, mrudi nyuma siku kwa siku, mwandike kilichotangulia. Kwa mmoja ni kulala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka akiwa na nguvu nyingi. Kwa mwingine ni kuacha kuoga, kuanza kufunga madirisha mchana, kugawa vitu, kukopa fedha za mradi mkubwa, kuacha kwenda ibadani, au kwenda ibadani kila siku pasipo kawaida yake. Andika dalili tatu au nne zilizo zako hasa, kisha uandike hatua: nikikosa usingizi usiku wa kwanza naacha chai na kahawa mchana na sifanyi uamuzi wowote wa fedha, usiku wa pili namwambia kaka, usiku wa tatu naenda kliniki bila kusubiri tarehe. Dalili za usingizi zipewe uzito wa pekee, hasa kwa wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka.

Ukurasa wa nne unaeleza hali inapokuwa imeshaharibika lakini bado unaweza kujisemea, na humo mambo yawe machache na ya wazi: nani aache kazi aje kukaa nami, nani atunze fedha na simu yangu, hospitali ipi, usafiri upi. Ukurasa wa tano ni wa wakati ambapo huwezi tena kujisemea, na huo unawaandikia wengine: majina ya dawa zinazonifaa na zilizonidhuru, nani asimamie matibabu yangu, nani asiitwe, watoto walale wapi, na jinsi ninavyopenda kushikwa au kutoshikwa. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo inahusu pamoja na mengine namna mtu anavyopokelewa na kutibiwa asipokuwa na uwezo wa kuamua. Karatasi yako haiipiku sheria hiyo, lakini daktari mwenye busara ataisoma, na ndugu hawatagombana mlangoni mwa wodi. Ukurasa wa sita ni wa siku za kurudi nyumbani: kazi zipi nianze nazo, wageni wangapi, nani awaambie wanakijiji na awaambie nini.

Ukimaliza, mpe nakala mtu mmoja au wawili unaowaamini. Asiyejua kuandika asimulie, na mwanafunzi wa nyumba hiyo aandike, mradi maneno yabaki yake.

Hatua ya tatu: Ifundishe nyumba nzima

Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoleta sauti na shuku) anayerudi katika nyumba ya lawama, kelele na kuingiliwa kila dakika hurudiwa na ugonjwa upesi zaidi kuliko anayerudi katika nyumba tulivu, na kwamba familia zinapofundishwa pamoja na mgonjwa, kurudiwa huko hupungua. Hii si kuwalaumu ndugu. Wengi wamechoka, wameuza mahindi ya chakula kulipia nauli, na wamelala nje ya wodi.

Panga kikao kimoja cha nyumbani, mgonjwa akiwepo, tena akiwa ametulia. Msomewe ukurasa wa kwanza na wa tatu wa mpango. Kisha kubalianeni mambo madogo: anayekumbusha dawa ni mmoja tu, na anakumbusha mara moja, makosa ya wakati wa ugonjwa hayatatajwa katika ugomvi, mgonjwa atapewa kazi za nyumbani anazozimudu, kwa kuwa kumfanyia kila kitu kunamfundisha kuwa hawezi kitu. Anaposema anasikia sauti, msibishane naye kama zipo au hazipo; mwulizeni zinamsumbua kiasi gani na nini humsaidia. Sentensi kama «najua unaogopa, nipo hapa» hufanya kazi kuliko hoja ndefu.

Katika nyumba nyingi watakuwepo wanaoamini kwamba ugonjwa umetumwa, na watataka kumpeleka kwa mganga wa jadi au kwenye kambi ya maombi. Kuwavunjia imani kunavunja pia umoja ambao mgonjwa anauhitaji. Kinachofaa ni masharti matatu yasiyojadiliwa: dawa za hospitali haziachwi, mgonjwa hafungwi kamba wala minyororo, na hanyimwi chakula wala maji. Mchungaji, shehe au mganga anayekubali masharti hayo anaweza kuwa rafiki wa matibabu; asiyekubali, msimwachie mgonjwa wenu.

Hatua ya nne: Anzisheni darasa dogo la kupona

Mwaka 2009, kusini-magharibi mwa London, kilianza chuo cha kwanza cha kupona nchini Uingereza, kikifuata mawazo yaliyokuwa yameanza Marekani, na Uganda nayo ina chuo cha namna hiyo kinachohusiana na hospitali ya Butabika jijini Kampala. Utaratibu mkuu wa vyuo hivi ni mmoja: kila somo huandaliwa na kufundishwa na watu wawili, mtaalamu aliyesomea na mtu aliyepitia ugonjwa mwenyewe, na anayehudhuria huandikishwa kama mwanafunzi anayechagua somo. Sisi hatuna haja ya kusubiri majengo. Huko Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 umewatumia wahudumu wa kijamii, wengi wao wakiwa bibi, wanaoketi na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua tatizo moja kwa wakati mmoja. Jaribio lililofanywa katika kliniki 24 za Harare, lenye washiriki 573 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Siku bora ya darasa ni siku ya kliniki yenyewe. Watu wameshalipa nauli, wengine wametoka Umalila, Kilolo au Ludewa, na wanakaa kwenye mabenchi saa nyingi bila la kufanya. Mwombeni mganga mfawidhi chumba, au hata kivuli cha ukumbi, kwa saa moja na nusu baada ya dawa kutolewa. Wanafunzi sita hadi kumi na wawili wanatosha. Walimu wawe wawili kama ilivyoelezwa: muuguzi wa kliniki hiyo, na mtu aliyetulia kwa muda ambaye yuko tayari kueleza habari zake bila kulazimishwa. Mkitaka kikundi kitambulike rasmi, afisa maendeleo ya jamii wa kata ataeleza taratibu za usajili.

Sheria za darasa ziandikwe ubaoni kila mara. Yanayosemwa humu hayatoki, na hii ni ngumu katika miji yetu midogo ambako kila mtu ni ndugu wa mwenzake, kwa hiyo mtu asilazimishwe kusema jina la ugonjwa wake. Hakuna anayemshauri mwenzake apunguze au abadili dawa. Aliyelewa hakatazwi kuwa mwanachama, bali anaombwa aje siku nyingine. Anayetaja kufa anabaki na mwalimu baada ya darasa, na hatoki hapo hadi apatikane mtu wa kumchukua.

Kuhusu masomo, anzeni na yale ambayo watu huyauliza wenyewe: dawa na maudhi yake, usingizi, hofu, hasira ndani ya nyumba, pombe, kutatua tatizo hatua kwa hatua, kurudi kazini, na kuandika mpango wa kujitunza, ambao peke yake unahitaji vikao viwili au vitatu. Nitaeleza somo la usingizi lilivyo ili mwone kiwango kinachotakiwa. Dakika ishirini za kwanza kila mmoja anaeleza jana alilala saa ngapi na kitu gani kilimwamsha. Kisha muuguzi anaeleza kwa lugha nyepesi kwa nini ubongo unahitaji saa zisizobadilika, kwa nini chai ya rangi ya saa mbili usiku ni tatizo, na kwa nini kulala mchana kutwa kunauiba usiku. Mwalimu wa pili anaeleza alivyofanya yeye: alivyohamisha redio kutoka kitandani, alivyokubaliana na mkewe kuhusu mtoto anayelia, na jinsi anavyoamka akaketi sebuleni anapokosa usingizi badala ya kugaagaa. Mwishoni kila mwanafunzi anachagua badiliko moja tu, analiandika, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuulizana lilikwendaje.

Mkiona inafaa, kikundi kiweke hisa kama vikundi vingine vya kuweka na kukopa. Mfuko mdogo wa nauli kwa mwanachama anayeishiwa kabla ya siku ya kliniki una faida kubwa sana, maana katika miezi ya Januari na Februari, chakula kikiwa kimepungua na mazao bado yako shambani, watu hukosa dawa kwa sababu ya nauli ya bodaboda na daladala tu. Lipo pia shirika la kitaifa la watu waliopitia magonjwa haya, linalojulikana kwa kifupi kama TUSPO, ambalo vikundi vya wilayani vinaweza kulitafuta ili kupata sauti pana zaidi.

Hatua ya tano: Rudi kwenye elimu na kazi, kidogo kidogo

Ugonjwa wa akili mara nyingi huanza ujanani, katikati ya sekondari au chuo, na mtu akija kutulia anakuta wenzake wameshamaliza. Milango bado ipo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulielekeza kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, na mzazi anaweza kuutaja mbele ya mkuu wa shule au afisa elimu wa kata. Aliyevuka umri aende Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako anaweza kusoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida kwa mwendo wake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Mbeya na Iringa vikiwemo, na kusoma kwa masafa kunamfaa mtu ambaye miezi mingine hawezi kuketi darasani kila siku.

Kwa ufundi, nchi ina vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, na kwetu vipo Nzovwe jijini Mbeya, Katumba wilayani Rungwe, Ilula mkoani Iringa, pamoja na Njombe na Ulembwe. Nadhani hivi ndivyo vinavyofaa kuliko vyote kwa mtu anayeanza upya, kwa sababu vinapokea watu wazima, vina kozi fupi za ushonaji, mapishi, useremala au kilimo, na havidai vyeti vingi. VETA Mbeya na Iringa nazo zina kozi fupi. Kabla ya kulipa ada, nenda ukaone karakana, uulize kama kuna ruhusa ya siku ya kliniki, na uchague masomo ya mchana ikiwa dawa zako zinakulaza asubuhi. Anayetumia dawa zenye usingizi mzito asianze na mashine za kukata mbao.

Kumwambia mwajiri au mkuu wa chuo habari za ugonjwa wako ni uamuzi wako, na si lazima useme yote. Mara nyingi inatosha kusema kwamba unatibiwa ugonjwa wa muda mrefu na unahitaji siku moja ya kliniki kila mwezi. Iringa mjini watu wameshaona katika Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza mwaka 2003, jinsi watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi, wanavyoendesha mgahawa na karakana. Mfano huo unasaidia pale unapozungumza na mwajiri anayesitasita. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo, katika tafsiri yake ya ulemavu, inagusa pia akili, kwa hiyo muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuhusu utambuzi, na kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Msikimbilie mkopo, lakini, kabla kikundi hakijazoeana. Deni ni mojawapo ya mambo yaliyoandikwa katika ukurasa wa pili wa daftari za wengi.

Hatua ya sita: Chuja unachosoma na kusikiliza

Simu imeleta elimu nyingi na upotofu mwingi. Anza na kurasa za Wizara ya Afya na za Shirika la Afya Duniani, na usikilize redio za mikoani hasa katika siku zinazozunguka tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambapo wataalamu huwa hewani na wasikilizaji huweza kupiga simu na kuuliza. Asiye na simu kubwa aende maktaba ya mkoa. Ukikutana na mtu anayeuza dawa ya kumaliza ugonjwa wowote wa akili kwa siku chache, au anayekutaka uache dawa kwanza ndipo akutibu, funga ukurasa huo. Lolote jipya ulilosoma na kulipenda liandike daftarini, uliulize kliniki.

Ratiba ya kukagua

Mpango unahitaji kukaguliwa mara mbili kwa mwaka, na kwa wakulima wa huku kwetu miezi inayofaa ni Julai, mavuno yakiwa yameingia na kazi zimepungua, na Oktoba mwishoni, kabla ya mvua na kilimo kuanza. Keti na mtu mwenye nakala yako, msome kurasa zote sita, mfute kisichokuhusu tena, mwongeze dalili au dawa mpya, na mbadilishe majina ya watu waliohama au kufariki. Andika tarehe juu ya ukurasa, kusanya nakala za zamani, mgawie kila mhusika nakala mpya, na kliniki inayofuata umwombe muuguzi aibandike moja ndani ya faili lako.